Gramafoni ya sanduku na santuri zangu za utotoni: uzoefu wangu

Nimenunua gramafoni ya kisasa, zile za muundo wa sanduku lenye mpini, kwa sababu santuri zangu zimelala kabatini tangu enzi za kaseti. Nyingi ni za inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika. Ya kwanza kuinunua kwa pesa yangu ilikuwa ya bendi ya Les Wanyika, pale River Road, Nairobi, muda si mrefu baada ya wao kujitoa Simba Wanyika mwaka 1978. Hukununua kwa kubahatisha siku hizo. Muuzaji aliipiga kwanza, spika iko mlangoni, mtaa mzima unasikia unachotaka, ndipo unatoa pesa. Mimi nilitoa sarafu tupu, akazihesabu kanuna.

Haya, mashine. Spika zake za ndani hazina besi kabisa, na muziki wa akina Wanyika bila besi haupo. Nilipounganisha spika za nje, nikalisikia gitaa la ridhimu likijibizana na la solo, kila moja mahali pake. Kasi imezidi kidogo, mwimbaji utadhani anawahi basi la mwisho. Santuri zenye tundu kubwa katikati si tatizo, kile kipande cha plastiki cha kuzibia kimo ndani ya boksi.

Kinachonifurahisha zaidi ni kugeuza. Upande mmoja wa santuri hizi hubeba dakika nne au tano hivi, na wimbo wa dansi ulikwenda hata nane. Basi waliukata: sehemu ya kwanza maneno, na magitaa yakianza tu kuchemka, sauti inafifia. Raha yote ya kucheza iko upande wa pili. Nyumbani kwetu kazi ya kugeuza ilikuwa yangu, maana ndiye niliyekuwa mdogo, na wakubwa walisubiri wamesimama katikati ya sebule, wengine wakinifokea niharakishe. Kwenye simu pande hizo mbili zimeunganishwa siku hizi. Wanangu wanaona ni nafuu. Mimi naona wameibiwa.

Naipa nyota 3 kati ya 5. Mkono wa sindano ni mzito na haurekebishiki, kwa hiyo santuri zangu adimu sizigusishi hapo. Kwa zile zilizokwisha kuchubuka, inunue tu. Kama zako bado ni safi, tafuta gramafoni ambayo uzito wa sindano unapangika, hata iwe ya mtumba.