Miezi minne na programu ya mazoezi ya poka: mkwara ukishalipwa, unaendelea au unaacha?

Naandika hii baada ya kulipia miezi minne kwa hela yangu mwenyewe. Jina la programu sitaji maana nina malalamiko nayo na sitaki mambo mengi, ila ni ile unaingiza raundi uliyocheza, kadi kwa kadi, inakuonyesha wapi uliharibu. Kwa mgeni wa poka: mkwara ni kuweka hela ukijifanya una kadi nzuri, na kulipwa ni mwenzako kuweka kiasi hicho hicho badala ya kutupa kadi zake.

Kilichonifanya niitafute ni raundi moja tu. Ijumaa jioni tunacheza kwa jamaa yetu Ntinda, Kampala, watu sita au saba, kila mtu anaweka elfu 50 na zikiisha zimeisha, unakula rolex (chapati ya mayai, sio saa) unaangalia wenzako. Mezani ni Kiswahili mwanzo mwisho kwa sababu kuna Wakongo wawili wa vitenge, Mkenya mmoja, na afande mstaafu ambaye ukimwanzia Kizungu anakuangalia tu. Wengi wetu tumekulia matatu (wa Nairobi tulieni, sio gari, ni karata yetu ya kukata na saba) na matatu haina mkwara, ukipigiwa mbili unaokota mbili, basi. Poka ndio imetufundisha kudanganya kwa uso mkavu.

Sasa siku hiyo blaindi (hela za lazima wanazoanza nazo watu wawili) ni 500 na 1,000, mimi nina kwini na jeki, napandisha hadi 3,000, wote wanatupa anabaki afande. Poti, yaani hela za katikati, 6,500. Flopu, kadi tatu za kwanza za mezani, inakuja kingi, saba, mbili, alama zote tofauti, mimi sina kitu, hata ndoto ya kitu sina. Nikaweka 3,000 kujifanya nina kingi. Afande akalipa bila hata kuniangalia. Kadi ya nne ya mezani ikaja namba nne, nikajiambia bana nikiacha hapa atajua, nikaweka 8,000, akalipa tena. Poti sasa 28,500 na mbele yangu kumebaki 36,000, kadi ya mwisho ikaja namba mbili nyingine, na mimi mikono imeanza jasho nikasukuma zote. Afande akachukua glasi yake akanywa pole pole, akaiweka, akapanga chipsi zake (sio za viazi) mistari minne, akasema "nalipa kijana." Alikuwa na saba na nane. Saba tu jamani! Nikamuuliza afande ulijuaje, akasema "mwenye kingi hapumui hivyo."

Nilirudi na boda usiku naumia roho, sio kwa elfu 50, kwa zile saba.

Basi kesho yake nikapakua programu nikaingiza raundi yote. Haikunitukana, ilinipa namba tu. Dau la kwanza, 3,000 kwa poti ya 6,500, lilihitaji atupe kama mara 32 katika 100 nisipate hasara, hilo ikasema sawa kabisa, kila mtu anapiga hapo. La pili lilihitaji mara 39. La tatu, 36,000 kutafuta 28,500, lilihitaji atupe mara 56 katika 100, yaani zaidi ya nusu, na huyu ni mtu ambaye kashalipa mara mbili! Halafu chini kuna sehemu inakuuliza swali, na kwa kweli hilo swali ndio nililipia: kadi gani alizolipa nazo mwanzo zimekuwa mbovu sasa? Nikakaa nikafikiria. Nne haikumtisha mtu yeyote. Mbili haikumtisha mtu. Aliyelipa na saba kwenye flopu bado ana saba ile ile na hakuna kilichobadilika mezani isipokuwa mimi kuongeza hela. Ingekuja ree (ace) hapo kwenye nne ni habari nyingine, maana mimi ndio nilipandisha mwanzo, ree inafanana na mimi kuliko yeye, hapo mwenye saba anaanza kujikuna.

Nilikuwa nadhani kuendelea baada ya kulipwa ni suala la moyo. Mimi na wenzangu tumeharibiwa na ile video ya Chris Moneymaker mwaka 2003 kwenye fainali ya dunia ya poka Las Vegas, amebaki na Sammy Farha, kadi yake kubwa ni kingi tu na amekosa kila kitu, anasukuma zote na Farha anatupa jozi ya tisa. Jamaa alikuwa mhasibu tu, akaondoka na dola milioni 2.5. Ila nilivyoirudia sasa nikaona kitu sikuwahi kuona: kwenye kadi ya nne alivyompandishia Farha alikuwa anangoja shupaza moja tu awe na rangi (kadi tano za alama moja), na pia mfululizo ulikuwa wazi pande zote mbili, kadi nne za kufuatana zikingoja moja ya juu au ya chini. Kumbe hata angelipwa pale bado alikuwa na kadi nyingi za kumwokoa. Mimi na kwini jeki yangu nilikuwa nangoja nini? Nilikuwa nangoja afande achoke.

Hapo programu nyota tano. Sasa mabaya.

Malipo ni dola na kadi ya benki tu, mobile money hakuna, nilimwomba binti wa ofisini anilipie na kadi yake kila mwezi nikimpa keshi, aibu. Bila bando haifunguki hata masomo uliyokwisha soma. Inauliza kama una miaka 18 halafu inakupeleka kwenye matangazo ya kasino, wakati sheria yetu ya kamari Uganda ya 2016 inasema 25. Na ile meza yao ya bure ya kuchezea pointi, msipoteze muda, watu wanalipa kila kitu maana hawapotezi chochote, utajifunzaje mkwara kwa watu ambao hawajui uchungu? Niliwaandikia huduma kwa wateja kuhusu malipo, jibu lilikuja siku ya kumi na moja, ati jaribu kuzima simu uwashe.

Kubwa zaidi ni kwamba haimjui mtu. Mwezi wa tatu wa kulipia nilipata karibu raundi ile ile, kadi ya kumi na ya tisa mkononi, flopu kingi, nane, tatu, nikapiga, mama mmoja mgeni kutoka Arua akalipa. Kadi ya nne ree. Nikapiga kubwa kama nilivyofundishwa, mama akashika kadi zake muda mrefu, akatupa, akatuonyesha nane, akacheka "hiyo ree yako mwanangu." Nikajisikia profesa. Wiki mbili baadaye ree ikaja tena, hali hiyo hiyo, lakini aliyelipa flopu ni afande. Programu ingesema piga. Nikapiga. Akalipa na jozi ya tano, TANO, akasema ree ziko nne tu kwenye karata, kwa nini iwe kwangu. Angalau kadi ya mwisho niligonga meza (yaani siweki hela) nikaacha, nikabaki na elfu 22.

Kuna kisanduku cha kuandika maelezo ya mchezaji, nilikuwa sikitumii. Sasa kwa afande nimeandika: anasikiliza pumzi, usimdanganye mara ya pili, ukipata kingi mtoze zote. Hicho kisanduku ndio natumia kuliko mahesabu yote, na kusema kweli daftari la shilingi 1,000 lingefanya kazi hiyo hiyo.

Nyota tatu na nusu. Mwezi wa tano sijalipia bado, binti wa ofisini yuko likizo.