Khan Academy kwa mwanafunzi aliyekwama katika hisabati

Binti ya dada yangu, ambaye ninaishi naye hapa Busia kila likizo, alimaliza kidato cha pili akiwa na alama 21 kati ya 100 katika hisabati. Somo hilo halikwepeki nchini Uganda, kwa kuwa ni la lazima hadi kidato cha nne, na chini ya mtaala mpya ulioanza mwaka 2020, ambao watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani wa UCE, ule wa mwisho wa kidato cha nne, mwaka 2024, asilimia 20 ya matokeo hutokana na kazi zinazofanywa shuleni kabla ya mtihani wenyewe. Nilitaka apate msaada mapema, na nilitaka msaada ambao mfuko wangu ungeuweza.

Fedha za kwanza zilipotea. Nililipa shilingi 120,000 kwa masomo ya likizo ya wiki mbili katika kituo kimoja ambapo wanafunzi zaidi ya sitini walikaa katika chumba kimoja, na mwalimu akawa anakokotoa maswali ya mitihani iliyopita ubaoni huku wao wakinakili. Alirudi na daftari lililojaa majibu sahihi, lakini nilipomwomba anieleze hatua ya pili ya swali moja tu, alinyamaza, kisha macho yake yakajaa machozi.

Mwezi wa Januari tulianza kutumia Khan Academy, tovuti ya masomo ya video na mazoezi ambayo hutolewa bila malipo na shirika la Marekani lisilotafuta faida. Mwanzilishi wake, Salman Khan, alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha hisabati binamu yake aliyekuwa mji mwingine, na asili hiyo bado inaonekana katika video: sauti ya mtu mmoja, ubao mweusi, na maandishi yanayojengeka hatua kwa hatua, ambayo mtoto anaweza kuyarudia mara kumi bila mtu kumwonea uchovu.

Manufaa yake makubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba inamruhusu mwanafunzi kurudi nyuma hadi mahali alipoanza kupotea. Sikumwanzisha kwenye mada za kidato chake, bali nilimpa maswali ya sehemu, na hapo tukagundua kwamba akijumlisha 2/3 na 1/4 alikuwa akijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, akapata 3/7. Kosa hilo moja alikuwa amelibeba tangu shule ya msingi, likawa limejificha ndani ya milinganyo, ndani ya uwezekano na ndani ya hesabu za biashara, na hakuna aliyeliona kwa sababu kila mwalimu aliona jibu la mwisho tu. Alipoona kwamba somo hilo limewekwa katika darasa la tano la Marekani aliona aibu, akaniambia, “Mama mdogo, haya ni ya watoto.” Nilimwomba afanye wiki moja tu. Mazoezi yana vidokezo vinavyofunguliwa kimoja kimoja, na anayekosea hupewa swali jingine la aina ileile, kwa hiyo wiki hiyo iliongezeka ikawa tatu kwa hiari yake mwenyewe.

Upungufu upo, na mzazi wa Uganda anapaswa kuujua kabla ya kuanza. Mifano mingi inatumia dola, maili na inchi, na mpangilio wa mada ni wa shule za Marekani: matriki, ambazo watoto wetu hukutana nazo wakiwa bado katika ngazi ya kawaida ya sekondari, huko zimewekwa katika kozi za juu zaidi. Jambo zito kuliko hayo ni kwamba mazoezi mengi hupokea namba iliyoandikwa au chaguo lililobonyezwa, ilhali mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, unamtaka mwanafunzi asome hali halisi ya maisha, aunde hesabu mwenyewe na aonyeshe kazi yote. Pengo hilo nililiziba kwa kumwita kijana anayesoma ualimu chuo kikuu, mara mbili kwa wiki, shilingi 15,000 kwa saa mbili, naye kazi yake ilikuwa moja: kumtaka aandike kila hatua na kuitetea kwa maneno. Mwalimu wa namna hii anatosha kwa muda mfupi iwapo misingi tayari imeshajengwa kwingine.

Gharama nyingine ni bando, ambalo tangu Julai 2021 linatozwa kodi ya asilimia 12. Video hulimaliza haraka, mazoezi hutumia kidogo sana, kwa hiyo tulitazama video tu pale vidokezo viliposhindwa kumsaidia. Shule yenye kompyuta inaweza pia kusakinisha Kolibri, programu ya bure ambayo hubeba masomo ya Khan Academy na kuyafungua bila intaneti. Ningefurahi kuona shule za bweni, ambako simu haziruhusiwi, zikiichukua.

Mwishoni mwa muhula wa kwanza wa kidato cha tatu alipata 47. Bado anababaika katika grafu za mistari, na likizo hii ameanza na somo hilo bila kuambiwa.