Ganja & Hess: Kanda ya VHS au Diski ya Blu-ray?

Anayetaka kumiliki Ganja & Hess, filamu ya Bill Gunn ya mwaka 1973 kuhusu msomi anayechomwa kisu cha kale na kuamka na kiu ya damu, hukutana na njia mbili: kanda za VHS za Marekani au diski ya Blu-ray ya kampuni ya Kino Lorber.

Kwa uaminifu kwa kazi yenyewe, diski inashinda. Wasambazaji waliikata filamu ya takriban dakika 112 hadi zikabaki kama 78, wakaiita Blood Couple, naye Gunn akakataa jina lake litumike. Toleo hilo ndilo lililoenea kwenye kanda, kwa majina kadhaa. Katika diski, ukimya mrefu wa mwigizaji mkuu Duane Jones na nyimbo za kanisani vimerudi mahali pake, na hilo kwangu ni jambo kubwa. Hata hivyo, kanda ina vipande ambavyo toleo kamili halina.

Kimatunzo, kanda huota kuvu penye unyevu. Yangu huchora mistari myeupe chini ya picha hata nikisafisha vichwa vya deki. Diski huhitaji kitambaa laini tu, ila mashine yako lazima ikubali diski za Marekani. Kwa bei, kanda hutegemea mkusanyaji anayeiuza.

Anayeitazama kwa mara ya kwanza aanze na diski. Anayechunguza jinsi mhariri anavyoweza kuivunja kazi ya msanii aitafute kanda, mradi deki yake inasoma NTSC, mfumo wa picha wa kanda za Marekani.