Nilivyochagua bunduki ya nusu-otomatiki ya kuwindia kwale, na nilivyoirekebisha mpaka ikanikaa

Ukiwinda kwale, kazi kubwa ya bunduki ni kubebwa. Unatembea saa nyingi kwenye majani na mawe, silaha iko mkononi muda wote, kisha ndege anaruka karibu na miguu yako kwa kishindo cha mabawa, na kufumba na kufumbua yuko mita 25. Kwa hiyo nilipoamua kuhama kutoka bunduki ya mitutu miwili kwenda ya nusu-otomatiki, sikuanza na chapa wala idadi ya risasi inazobeba. Nilitaka kujua mambo mawili: ina uzito gani, na nikiipandisha begani ikiwa tupu huku nimefumba macho, nikiyafumbua mtutu utakuwa umeelekea pale ninapotazama? Baada ya kuitumia misimu kadhaa, bado naamini hayo mawili ndiyo yanayotangulia mengine yote. Bunduki nzuri isiyokukaa itakukosesha ndege, hata iwe ya bei gani.

Yangu ni geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu), mtutu wa sentimita 66, uzito wa kilo 2.6 hivi bila risasi, mfumo wa inesha, yaani unaoendeshwa na teke la bunduki yenyewe. Chapa naiacha pembeni kwa makusudi, kwa kuwa ninayoyasema yanahusu mfumo na ukaaji wa bunduki, na yatakufaa hata ukinunua ya kiwanda kingine.

Tuanze na mfumo, maana hapo ndipo wanunuzi wengi hubishana. Bunduki ya nusu-otomatiki hutoa risasi moja kila unapovuta triga, halafu yenyewe hutupa ganda na kuingiza risasi nyingine. Nguvu ya kufanya kazi hiyo inatoka wapi? Kwenye Auto-5 ya John Browning, ambayo kiwanda cha FN huko Ubelgiji kilianza kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1900, mtutu wenyewe hurudi nyuma pamoja na komeo, kile chuma kinachoufunga kwa nyuma, na mwindaji hupanga pete za msuguano chini ya mtutu kulingana na ukali wa risasi. Kwenye bunduki za gesi, kama Remington 1100 iliyotoka mwaka 1963, sehemu ya gesi ya baruti hupenya kwenye matundu madogo ya mtutu na kusukuma pistoni. Mfumo wa inesha ulibuniwa na Bruno Civolani, na kampuni ya Benelli, iliyoanzishwa Urbino, Italia, mwaka 1967, ikajenga jina lake juu ya ubunifu huo. Bunduki inaporudi nyuma kwa teke, mwili wa komeo hubaki ulipo kwa uzito wake na kukandamiza springi ngumu iliyo kati yake na kichwa cha komeo. Springi ikijikunjua, komeo linafunguka na ganda linatoka.

Mwindaji wa kutembea anapata nini katika hayo? Mfumo wa gesi hupunguza makali ya teke, lakini pistoni na vifaa vyake huongeza uzito, na moshi wa baruti hubaki humo humo kama masizi. Mfumo wa inesha una vipande vichache, gesi yote inatokea mdomoni mwa mtutu, na bunduki inakuwa nyembamba pale mkono wa mbele unaposhika. Inapiga teke zaidi, hilo halina ubishi. Lakini kwa kwale unafyatua risasi chache kwa siku nzima ya kutembea, na bega linazimudu. Kama ningekuwa nalenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kwa mazoezi, mamia kwa mamia, ningechukua ya gesi bila kusita.

Geji nayo niifafanue kidogo. Namba hiyo inahesabu ni risasi ngapi za mviringo za madini ya risasi, zenye upana sawa na tundu la mtutu, zinazotoka kwenye ratili moja, yaani gramu 454. Ndiyo maana geji 12 ina tundu kubwa, milimita 18.5, na geji 20 ina milimita 15.6. Geji 20 yenye gramu 25 hadi 28 za marisau, zile punje ndogo zilizo ndani ya risasi, inamtosha kwale hadi mita 30 na zaidi kidogo, na inakuondolea karibu nusu kilo mkononi. Tahadhari moja tu, na naomba uichukue kwa uzito wote: usichanganye risasi za geji 20 na 12 mfukoni. Ile ya 20 ikiingizwa kwenye bunduki ya 12 hupita chemba, ile sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, na kukwama ndani ya mtutu. Ukiweka ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka usoni pako. Kwa sababu hiyo risasi za geji 20 kwa desturi hutengenezwa na ganda la njano.

Wapo watakaokuambia bunduki nyepesi husimama njiani, kwamba mtutu unaacha kumfuata ndege pale unapovuta triga. Wana hoja. Dawa yake ni mizani. Nilichagua iliyo na uzito kati ya mikono miwili, umeegemea mbele kidogo, na mtutu wa sentimita 66 ukanipa hilo. Wa sentimita 71 ulinifuatia ndege vizuri uwanjani, ila vichakani ulikuwa unagonga matawi.

Sasa ukaaji, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Bunduki ya marisau haina kilengeo cha nyuma. Jicho lako ndilo kilengeo cha nyuma. Likikaa juu zaidi, marisau yanakwenda juu. Likikaa kushoto mwa utepe, ule ukanda ulio juu ya mtutu, yanakwenda kushoto. Na jicho linakaa pale ambapo kitako kinaliruhusu shavu kulala. Uzuri wa nyingi kati ya bunduki za kisasa za nusu-otomatiki ni kwamba ndani ya boksi huja na shimu, vile vibao vyembamba vinavyowekwa kati ya kitako na mwili wa chuma, na ukivibadilisha unakipandisha, unakishusha, au unakipinda kitako kulia au kushoto. Wanunuzi wengi hawafungui hata kile kifuko.

Kabla ya shimu, hakiki jicho lako kuu. Nyosha mkono, elekeza kidole kwenye kitu cha mbali ukiwa na macho yote mawili wazi, kisha fumba moja moja. Jicho ambalo likibaki wazi peke yake kidole hakihami ndilo linalotawala. Mtu wa bega la kulia mwenye jicho kuu la kushoto hatasaidiwa na shimu yoyote. Anahitaji kuhamia bega la kushoto au kuziba kidogo lile jicho. Halafu urefu wa kitako, kutoka triga hadi mwisho. Viwandani huwekwa karibu sentimita 36 hadi 37. Kikiwa kirefu kinanasa kwenye koti unapokipandisha kwa haraka, kikiwa kifupi kidole gumba kinakugonga pua. Mwenye mikono mifupi asikubali kuambiwa atazoea. Fundi wa bunduki anakikata au anabadilisha mpira wa nyuma.

Kisha nenda mahali salama pa kulengea, penye kizuizi imara cha udongo, ukiwa umeziba masikio na kuvaa miwani. Tundika karatasi kubwa yenye alama katikati, simama yadi 16, ambayo ni kama mita 14.6. Kaza macho kwenye alama, pandisha bunduki, fyatua inapogusa shavu. Usilenge kama unalenga kwa bunduki ya risasi moja, maana ukilenga utajirekebisha mwenyewe na karatasi haitakuambia kitu. Rudia hadi uone katikati ya matundu panakaa wapi. Umbali kutoka jichoni hadi kwenye ushanga, ile shanga ndogo iliyo juu ya mdomo wa mtutu, ni takriban yadi moja, kwa hiyo hesabu ni rahisi: kila milimita 16 marisau yanapokosea kwenye karatasi, kitako kinahitaji kusogea milimita moja.

Yangu ilipiga sentimita 5 kushoto na kama hizo hizo chini. Maana yake ni milimita 3 kwa kila upande. Nikaweka shimu ya kupinda kitako kulia na ya kukipandisha, nikarudi kwenye karatasi, marisau yakaja katikati. Halafu nikapandisha ngazi moja zaidi ili kiini cha mtawanyiko kikae juu ya alama kidogo, kwa sababu kwale akiruka huwa anapanda. Namuona juu ya ushanga wakati wote, simfichi kwa mtutu, na bado marisau yanamfikia. Mabadiliko hayo madogo yalinipa ndege wengi kuliko choki yoyote au risasi ya gharama.

Choki, huo mbano wa mdomo wa mtutu, ni hatua ya pili. Kwa geji 12, robo choki hubana takriban milimita 0.25, nusu choki milimita 0.5, na choki kamili karibu milimita moja. Kipimo cha kawaida ni duara la sentimita 76 kwa yadi 40: mtutu usiobana huingiza humo asilimia 40 ya marisau, robo choki 50, nusu choki 60, choki kamili 70. Lakini kwale wako hutawapiga yadi 40. Pima kwa mita 25, kwa risasi ile ile utakayowinda nayo. Mimi nimebaki na robo choki na marisau namba 7½, yenye upana wa milimita 2.4, na kwa ndege wakubwa kama fezanti napanda hadi namba 6, maana namba ikipungua punje huwa kubwa. Hapa mitutu miwili ina faida isiyopingika: unakuwa na choki mbili tayari. Nusu-otomatiki inakulazimisha kuchagua asubuhi na kuishi na chaguo hilo.

Ukitumia marisau ya chuma badala ya madini ya risasi, kumbuka chuma ni chepesi, gramu 7.8 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 11.3, kwa hiyo panda namba mbili za ukubwa. Pia hayatawanyiki sana, basi usizidi nusu choki, na soma maandishi ya kiwanda kuhusu mtutu wako.

Kuhusu kutegemeka: ilipokuwa mpya ilikataa kutupa maganda ya risasi nyepesi za gramu 24. Springi za mfumo huu huwa ngumu mwanzoni. Nilipoipitishia risasi nzito za gramu 28 ikalegea, na sasa inakula zote. Jambo la kuzoea ni kufunga komeo. Ukilishusha polepole ili usifanye kelele, kichwa chake kinaweza kisizunguke hadi mwisho, na ndege akiruka utasikia mlio mkavu tu. Liachie lijifunge kwa nguvu, kisha sukuma mpini wake mbele kuhakikisha. Mafuta weka kiasi cha kulowanisha kidole. Yakizidi yanakusanya vumbi na vipande vya majani.

Wenzako hawawezi kuona kwa mbali kama nusu-otomatiki ni tupu, tofauti na mitutu miwili inayokunjwa. Kwa hiyo kila tunaposimama natoa risasi zote na kuacha komeo wazi, upande wao waone chemba. Magazini, bomba linalobeba risasi za akiba, pia ina kijiti cha kupunguza idadi ya risasi. Sheria nyingi za ndege huruhusu tatu tu kwa jumla, na kwa kwale sijawahi kuona haja ya zaidi. Triga ya kiwandani ni nzito kidogo, ila sikuigusa, na ukitaka ilainishwe mpe fundi mwenye leseni.

Mwenye bega lenye maumivu, au anayewinda siku moja na kulenga visahani siku sita, achukue geji 20 ya gesi na akubali kusafisha pistoni. Anayetembea sana achukue kama yangu. Na ukishapata shimu sahihi, andika alama yake kwa penseli ndani ya kitako, fundi akikifungua aweze kuirudisha ile ile.