Nyumba ya Dola 33,750 kwa Siku: Tathmini ya Kituo cha ISS

Dalali akiitangaza nyumba hii angeandika hivi: mita za ujazo 388 za kukaa, wakazi 7, maji yapo, umeme wa jua upo, dirisha la kutazamia bara zima, jua linachomoza mara 16 kwa siku. Suala la fundi angelipita kimya. Katika nyumba hii fundi ni mpangaji mwenyewe, na duka la spea liko kilomita 400 chini ya sakafu, tena halifunguliwi kila siku.

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ISS, kimekaliwa bila kukatika tangu tarehe 2 Novemba 2000. Mwaka 2019 NASA, shirika la anga la Marekani, ilitoa orodha ya bei kwa wageni wa kulipia: dola 11,250 kwa mtu kwa siku kwa mitambo ya uhai na choo, dola 22,500 kwa chakula, hewa, dawa na mahitaji mengine, na umeme dola 42 kwa uniti moja. Anayenung'unikia LUKU au tokeni za KPLC asome tena hiyo ya mwisho. Nauli haimo. Kiti cha chombo cha Dragon, cha kampuni ya SpaceX, kilikadiriwa na mkaguzi mkuu wa NASA kuwa kama dola milioni 55. Mwaka 2021 bei zikapandishwa, kwa kuwa zile za kwanza hazikurudisha gharama.

Kwa nini tuikague kwa jicho la mpangaji? Kwa sababu Elon Musk anataka mji Mirihi, Jeff Bezos anazungumzia mamilioni ya watu wakiishi na kufanya kazi nje ya dunia, na wanaowapinga wanasema fedha hizo zirudi kwenye mito na misitu. Pande zote mbili zinabishana kuhusu nyumba ambayo hazijaikagua. ISS ndiyo nyumba ya nje ya dunia iliyokaliwa muda mrefu kuliko zote, na daftari lake la matengenezo lina majibu mengi.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo kituo kinapojivunia, na kwa haki. Mtu mmoja anahitaji karibu lita 3.8 kwa siku; watu 7 ni lita 26 na kitu, yaani ndoo moja kubwa na theluthi. Huwezi kupandisha ndoo hiyo kwa roketi kila siku. Kwa hiyo tangu Novemba 2008, mtambo ulipopelekwa na chombo cha Endeavour, kituo hunywa jasho lake, pumzi yake na mkojo wake.

Unavyofanya kazi ni hivi. Mkojo huchanganywa na kemikali mara tu unapoingia: asidi, pamoja na kromiamu ya kuua vijidudu. Kisha huingia kwenye ngoma inayozunguka. Duniani maji yanayochemka hukaa chini na mvuke hupanda juu, lakini angani hakuna chini wala juu, kwa hiyo mzunguko ndio unaoyabana maji kwenye ukuta wa ngoma. Mgandamizo ndani hupunguzwa ili yachemke bila moto mkali. Mvuke husukumwa na kompresa hadi upande wa pili wa ukuta uleule, unapoa, unageuka maji, na joto lake linarudi kuchemsha mkojo unaofuata. Maji hayo huungana na unyevu uliokusanywa hewani, yanapita kwenye machujio, kisha kwenye tanuru la kichocheo lenye joto la nyuzi kama 130 linalounguza masalia ya kemikali, na mwisho hutiwa iodini. Kuna kihisi mlangoni: maji yasiporidhisha yanarudishwa mwanzo. Mabomba mengi ya mijini kwetu hayana mlinzi wa namna hiyo.

Sasa kasoro. Mtambo uliundwa urudishe asilimia 85 ya maji ya mkojo. Ulipofika angani ukaanza kuziba. Mafundi walipochunguza wakakuta kalsiamu salfeti, yaani jasi, ileile ambayo mafundi wa dari huiita jipsamu. Imetoka wapi? Kwenye mifupa ya wakazi. Mwili usiobeba uzito wake hupunguza mifupa, kalsiamu inatoka na mkojo, na ikikutana na asidi ya salfuriki iliyokuwa ikitumika inaganda. Mtambo ulijaribiwa duniani kwa mkojo wa watu wanaotembea kwa miguu. Ikabidi kiwango kishushwe hadi karibu robo tatu kwa miaka, mpaka asidi ya salfuriki ilipobadilishwa kwa ya fosforiki.

Kasoro ya pili ni ndogo kwa sura na kubwa kwa somo. Mwaka 2010 kipimo cha kaboni ndani ya maji safi kilianza kupanda bila sababu ya wazi. Kisa kilikuwa kemikali ya jamii ya silikoni, yenye asili kwenye vitu kama losheni, vitambaa vya kujifutia na gundi. Hupanda hewani, hushikwa na unyevu, halafu huponyoka kwenye machujio. Katika nyumba iliyofungwa kabisa hakuna kitu kinachotoweka. Ulichojipaka asubuhi utakutana nacho kwenye kikombe.

Mwaka 2021 kiliongezwa kifaa cha kukamua maji kwenye majimaji mazito yanayobaki baada ya ngoma, na Juni 2023 NASA ikatangaza kwamba urudishaji wa maji yote umefika asilimia 98, kutoka 93 au 94 za awali. Tukichukulia wakazi 7 wote wako kwenye mtambo mmoja, upotevu unashuka kutoka zaidi ya lita moja na nusu kwa siku hadi karibu nusu lita. Hiyo ni kazi nzuri ya uhandisi, bila kupunguza neno.

Lakini nyumba hupimwa siku kifaa kinapokufa. Mwishoni mwa Mei 2024 pampu ya mtambo wa mkojo ilikufa mapema kuliko ilivyotarajiwa. Mkojo ukawa unawekwa akiba kwenye mifuko na matanki, na nafasi ya akiba si kubwa. Bahati ikawa Starliner, chombo cha Boeing cha kubeba watu, ilikuwa karibu kuruka. Pampu mpya, karibu kilo 70, ikapakiwa, na ili uzito utoshe yakashushwa masanduku ya nguo ya wanaanga wawili, Butch Wilmore na Suni Williams. Tarehe 6 Juni pampu ilikuwa kituoni. Wao walikwenda kwa siku kama nane, chombo chao kikaleta matatizo, wakarudi Machi 2025 baada ya siku 286. Ukiwaza kuhusu masanduku hayo, cheka kidogo.

Hewa ina hadithi inayofanana, ila mbaya kidogo. Oksijeni hutengenezwa kwa kupasua maji kwa umeme. Mtambo wa Marekani uliofika 2006 unaweza kutoa hadi kilo 9 kwa siku, na mtu mmoja anatumia karibu gramu 840. Upande wa Urusi una Elektron, ambayo imesumbua mara nyingi, pamoja na mishumaa ya kemikali ya dharura: mmoja humtosha mtu mmoja kwa siku. Mshumaa wa jamii hiyo ndio uliowasha moto ndani ya Mir, kituo cha zamani cha Warusi, Februari 1997.

Hewa ukaa huondolewa kwa vitanda vya zeolaiti, madini yenye vinyweleo. Kitanda kimoja kinavuta, kingine kinapashwa moto na kutapika nje, kisha vinabadilishana zamu. Tatizo ni vumbi: punje za zeolaiti husagika kwa joto na mtikisiko, zikakwama kwenye vali. Hata mtambo ukiwa mzima, hewa ukaa ndani hukaa mara kadhaa, na nyakati nyingine karibu mara kumi, ya ile ya nje hapa duniani. Wakazi wamelalamika kuumwa kichwa. Na feni hazizimwi kamwe, kwa sababu angani hewa ya moto haipandi: bila feni, pumzi yako inabaki imekuzunguka usoni kama kofia. Anayependa kulala kimya asipange hapa.

Kuta nazo zimewahi kuvuja. Kwenye njia ndogo ya kuingilia Zvezda, moja ya sehemu za Urusi, nyufa zilianza kutoa hewa 2019, na Aprili 2024 kiwango kilifika karibu kilo 1.7 kwa siku. Mwaka 2020 Warusi walitafuta ufa kwa kufunga chumba na kuachia majani ya chai yaelee. Majani yakasogea taratibu kuelekea panapovuja. Mbinu nzuri, na ya bei nafuu kuliko kitu kingine chochote humo ndani.

Choo kipya cha Marekani, kilichopelekwa 2020, kiligharimu dola milioni 23, na kinafanya kazi kwa kuvuta hewa. Kinyesi hakirudishwi matumizini. Hufungwa, kikapakiwa kwenye chombo cha mizigo na kuungua angahewani. Chakula karibu chote hutoka chini. Mikate haitakiwi kwa sababu ya makombo, kwa hiyo hutumia tortila, binamu wa chapati. Majani ya saladi yaliyopandwa humo yalianza kuliwa na wanaanga wa NASA Agosti 2015, na hadi leo bustani hiyo ni kachumbari, haijawa ugali. Mazoezi ni kama saa mbili kila siku, si hiari. Mionzi ni takriban nusu ya milisiveti (kizio cha kupimia mionzi mwilini) kwa siku: siku tano za humo ni sawa na wastani wa mwaka mzima ardhini.

Kama maabara na karakana, tunaipa nyota nne na nusu. Kama makazi, nyota moja na nusu, na nusu hiyo ni ya maji.

Anayeuza nyumba ya Mirihi kwa kuonyesha mafanikio haya anaruka hesabu moja. Watu wanne kwa siku 900 wanahitaji kama lita 13,700. Kwa asilimia 98 zinapotea lita 270 na kitu, mzigo unaobebeka. Kwa hiyo maji si kikwazo tena. Kikwazo ni ile pampu. Dirisha zuri la kusafiri kwenda Mirihi hufunguka kila miezi 26, safari ni miezi sita hadi tisa, na hakuna mtu wa kushusha sanduku lake ili spea ipande. Unabeba pampu mbili? Tatu? Na kompresa, na vali, na vihisi, na kile ambacho hakijawahi kuharibika bado? Jasi ya mwaka 2009 haikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Ongeza mionzi: kifaa kilichosafiri na Curiosity, roboti ya NASA iliyopelekwa Mirihi, kilipima karibu milisiveti 1.8 kwa siku njiani, takriban 660 kwa kwenda na kurudi peke yake. Kifaa cha majaribio cha MOXIE, kilichopelekwa Mirihi, kilithibitisha kwamba oksijeni inaweza kutolewa kwenye hewa ya Mirihi, jambo kubwa kweli, lakini jumla yake kwa majaribio 16 ilikuwa gramu 122: pumzi ya mtu mmoja kwa saa tatu na nusu.

Wapo waliojaribu njia ya pili, yaani kuiga dunia badala ya kuunda mashine. Biosphere 2, jimboni Arizona, iliwafungia watu 8 ndani ya hekta 1.27 za msitu, shamba na bahari ndogo kuanzia 1991 hadi 1993. Oksijeni ikashuka kutoka asilimia 20.9 hadi karibu 14. Vijidudu vya udongo ulioshiba mboji viliila, na hewa ukaa viliyoitoa ikamezwa na zege la kuta. Januari 1993 ikabidi oksijeni iingizwe kutoka nje. Wachavushaji wengi walikufa. Mende na chungu wakastawi.

Kuhusu fedha kurudi ardhini, wapinzani nao wasiifunge nyumba hii haraka. Sehemu yake bora ni ile inayotazama chini. Kifaa cha ECOSTRESS, kilichofungwa 2018, hupima joto la mimea na hivyo kuonyesha shamba linalokosa maji kabla halijanyauka. Kifaa kingine, GEDI, kilipima kimo cha misitu kwa leza. Na kutoka maabara ya Kijapani iitwayo Kibo (maana yake tumaini, haina undugu na kilele cha Kilimanjaro) iliachiwa Mei 2018 setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na miaka iliyofuata zikafuata za Rwanda na Uganda. Huduma hizo hazihitaji mtu ahamie popote, na nyingi zinafanywa pia na setilaiti zisizo na choo.

Mkataba unakaribia kwisha. Mpango ni kituo kitumike hadi 2030, kisha kisukumwe baharini Pasifiki; Juni 2024 SpaceX ilipewa kazi ya kuunda chombo cha kukishusha, kwa hadi dola milioni 843. Ni karibu tani 420, na uangalifu unahitajika. Machi 2024 kipande cha gramu 700 hivi kutoka kwenye shehena ya betri zake kilitoboa paa la nyumba Florida.

Kukiona ni bure. Kinapita juu ya Afrika Mashariki mara kwa mara, na kinaonekana muda mfupi baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza, ardhi ikiwa gizani na chenyewe bado kinapigwa na jua. Hutokea upande wa magharibi na kuelekea mashariki kwa dakika nne hadi sita, cheupe, bila kupepesa. Kikipepesa taa nyekundu, hiyo ni ndege. Kikizimika ghafla katikati ya anga, hakijaharibika: kimeingia kwenye kivuli cha dunia.