TAHADHARI: "Pikasieti ya kale" yenye gundi ya juzi

Mnaonunua mtandaoni pikasieti, yaani mozaiki za Kifaransa za vipande vya sahani zilizovunjika, kaeni macho. Mitungi na vyungu vya maua vilivyobandikwa vigae vya sahani vinauzwa mamia ya yuro kwa madai kwamba ni "vya mwaka 1900". Mara nyingi vigae huwa vya kale kweli, ila chombo ni cha juzi. Sahani mbovu za viwanda vya Kifaransa kama Gien au Sarreguemines hupatikana kwa bei ya kutupa kwenye minada ya vitu vikuukuu Ufaransa, kwa hiyo muhuri wa kiwanda unathibitisha umri wa sahani tu. Umri wa chombo utafute kwenye plasta iliyo kati ya vigae.

Lowesha pamba, sugua mfereji mmoja wa plasta hiyo. Uchafu wa miaka hung'ang'ania. Chai au dawa ya viatu iliyopakwa kuzeesha hutoka kahawia kwenye pamba, na chini panabaki peupe pe. Bonyeza kwa ukucha: saruji na puti kuukuu ni ngumu kama jiwe, silikoni hubonyea kama mpira. Kisha zima taa, mulika kwa tochi ya kukagulia noti. Gundi nyingi za kisasa hung'aa rangi ya samawati (vigae vyenyewe vikimeta, puuza).

Geuza kitako. Chombo kilichoburuzwa mezani miaka mingi kina mikwaruzo ya kila upande, mizito pale kinapogusa meza. Mikwaruzo iliyolala upande mmoja ni ya msasa. Na ukikuta kigae chenye alama ya mashine ya kuoshea vyombo, sahani hiyo ni ya kisasa: rudisha bila mjadala.

Uongo mwingine: "kimetoka nyumba ya Picassiette, Chartres". Nyumba hiyo iliyoko Ufaransa, aliyoipamba kwa vigae Raymond Isidore (Picassiette ni jina lake la utani) hadi alipofariki 1964, ni mali ya manispaa, na tangu 1983 inalindwa kama jengo la kihistoria. Haiuzwi vipande vipande.

Mafundi wa leo wanaosema wazi kazi yao ni mpya hawana kosa. Nyingine ni nzuri kuliko za zamani.

Kabla ya kulipa, dai picha za kitako, za ndani ya mdomo, na mfereji mmoja kwa karibu, zote zipigwe mchana bila taa. Muuzaji akileta visingizio, au akitaka utume pesa "kama kwa rafiki" ili kukwepa makato, achana naye: malipo ya namna hiyo hayana ulinzi wa mnunuzi, na pesa hairudi.