Kusoma tena au kujipima kwa kadi: mtoto mwenye ADHD na jedwali la kuzidisha

Mtoto mwenye ADHD (hali inayomfanya ashindwe kutulia na kukaza fikra kwa muda) akisoma jedwali la 7 daftarini mara kumi, macho yanapita juu ya tarakimu huku akili imeshatoka nje. Kusoma tena hakuhitaji maandalizi, na kunafaa siku ya kwanza ya somo jipya. Baada ya hapo humdanganya: anachokiona anadhani anakijua.

Kadi humlazimisha kulivuta jibu kutoka kichwani, na kuvuta huko ndiko kunakojenga kumbukumbu. Kata boksi la biskuti vipande, swali mbele, jibu nyuma. Anza na kadi 5 tu: 3 anazozijua, 2 mpya. Tega saa ya simu dakika 10 (simu ikae mbali naye), kisha aruke kamba dakika 3, arudi. Akikosa, mwonyeshe jibu papo hapo na umrudishie kadi hiyo baada ya nyingine mbili. Ukingoja mwisho, atakuwa amelisahau kosa lenyewe.

Njia hii huharibika mzazi anapomwaga kadi 20 mezani kwa mara moja. Mtoto hukata tamaa, ugomvi huanza. Mpime tena kesho yake, halafu baada ya siku 3.